Mwaka wa Ezeli

Tumemzika Albertina huko Wamaza. Nilifika kwa pikipiki kutoka Kabambare, nimefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva kama mtoto mchanga, maana kijana yule alikataa kumbeba kikongwe katika barabara ile bila kumfunga. Nikakuta wanawake wameshamwosha, wanamvalisha. Mmoja wa wajukuu zake alikuwa akijaribu kuikutanisha mikono yake juu ya kifua, na vidole vitatu vya mkono wa kuume vilikataa kukunjika, vimenyooka vilevile kama vilivyonyooka miaka mingi. Yule mjukuu akauliza, "Bibi alizaliwa vile?" Shangazi yake akamjibu kwamba aliangukia jiwe mtoni, zamani, akiwa msichana. Wengine wakaitikia. Ndivyo Albertina mwenyewe alivyowaambia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao kwenye mkeka, na sikuwasahihisha, kwa sababu msiba si mahali pa kumwita marehemu mwongo. Lakini tangu siku ile sipati usingizi. Hakuanguka mtoni. Mkono ule uliharibiwa Kasongo, mbele ya macho yangu, na mtu aliyeuharibu nilimlipiza. Nasema nililipiza, na sisemi kwa aibu. Watu huniambia kwamba uzee hulainisha moyo. Wangu haujalainika, na sijaona sababu ya kuulainisha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelji, ingawa wao hawakujua kuwa ni ya mwisho, wala sisi. Mimi na Albertina tulikuwa wasichana wa umri wa kuolewa, tumetumwa Kasongo kusoma ushonaji na kazi za nyumba. Aliyemaliza alipewa cheti, akawa monitrisi, akarudi kwao kufundisha wanawake wengine, na kuvaa viatu siku za kazi. Tulipanga chumba kwa Bibi Zaina, mjane wa Kiislamu aliyekaa karibu na msikiti. Albertina alikuwa Mkristo, Mbangubangu wa Wamaza, na Bibi Zaina alimpokea kwa sharti moja tu, nguruwe asikaribie sufuria zake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, dirisha la nondo za mti, na ukuta mwembamba kiasi kwamba asubuhi tuliamshwa na mazungumzo ya Bibi Zaina na majirani zake: nani ameachwa, nani amerudiwa, mawese yamepanda bei tena. Alitukaangia mikate ya mchele na kutupa chai ya tangawizi, nzito, iliyounguza koo. Albertina alikula miwili na kuufunga wa tatu katika pembe ya kitenge, aule njiani huku akiniambia ndoto zake. Zote zilikuwa za nguo. Aliota mikono ya gauni, akaota kola. Katika darasa letu hakuna aliyeshona pindo kama lake. Ulitafuta uzi kwa macho na hukuuona.

Mwalimu wetu tulimwita Madamu. Mume wake alinunua pamba vijijini. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye gauni la madoadoa na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Alitufundisha kwa Kifaransa, akatuamrisha kwa Kiswahili cha jikoni, na akikasirika alirudi katika lugha ya kwao, Kiflama, ambayo hatukuielewa. Mbele ya darasa palikuwa na tablo, ubao wa kuandikia, ya jiwe jeusi yenye fremu ya chuma, imewekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu mirefu. Neno la kwanza la Kiflama tulilolijua lilikuwa jina la kigoda kile. Asubuhi alikinyooshea kidole, akasema "ezel," na wawili wetu wakakimbia kukileta. Sisi tukasema ezeli. Lakini neno hilohilo alilitoa pia pale mtu alipokata kitambaa vibaya, na hapo alilipiga kelele, mate yakimruka. Tulidhani labda maana yake ni kitu chochote cha mti. Kwamba anatuita magogo.

Siku moja mguu wa ezeli ulivunjika. Seremala wa shule alisema ataurekebisha kabla ya jioni. Madamu akamwambia hakuna haraka. Siku hiyohiyo Albertina alikuwa amekosea, kosa lake la kwanza nililoliona: alikata mkono wa gauni kinyumenyume, na kitambaa kilikuwa cha mke wa daktari. Madamu akakiinua tukakiona wote.

"Wewe, kuya hapa," akamwambia. "Simama. Shika tablo. Ezeli iko na mguu mbovu. Leo ezeli ni wewe."

Albertina akasimama mbele yetu, mgongo kwetu, ameinamisha kichwa, ameishika tablo mgongoni kwa mikono aliyoipeleka nyuma, vidole chini ya fremu ya chuma. Madamu akaandika juu yake vipimo vya gauni. Chaki ikagonga, na kila ilipogonga tuliona mabega ya Albertina yakitikisika. Darasa lilicheka mwanzoni. Siku ya pili halikucheka. Siku zilizofuata tulinakili vipimo tukiwa tumeinamisha macho, kwa sababu Madamu aliona mtindo huo unamfaa, na ezeli ya mti ilibaki imelala kwenye baraza, bila mtu kuigusa. Jioni nilimkanda Albertina mabega kwa mawese ya moto. Nilimwambia tutoroke, turudi kwetu. "Nikitoroka, cheti kitatoka wapi?" akasema. "Acha. Atachoka yeye kwanza."

Hakuchoka. Albertina ndiye aliyechoka, asubuhi ya joto, kabla ya mvua. Nilimwona anayumba, nikainuka, lakini nilikuwa nyuma kabisa. Tablo iliteleza, naye badala ya kuiacha akageuka kuidaka, na kona ya fremu ikamwangukia juu ya mkono, pale kifundo kinapokutana na kiganja. Sikusikia mlio wa mfupa. Nilisikia Albertina akiita mama yake kwa Kibangubangu. Damu ilikuwa nyingi. Madamu akaja haraka, akainama, nami nikadhani anamwinamia Albertina. Alikuwa anapapasa kona ya tablo kuona kama imepasuka.

Mganga wa hospitali alishona jeraha, lakini mishipa ya vidole vitatu ilikuwa imekatika na hakujua namna ya kuiunga. Bandeji ilipotoka, Albertina alikaa kwenye kitanda chetu, akaweka sindano juu ya paja, akajaribu kuichukua. Akajaribu tena. Bibi Zaina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la wali na mboga ya sombe, akarudi nalo jikoni. Wiki ile Madamu alimfukuza. Alisema shule haiwezi kumweka mshonaji asiye na mkono. Albertina aliondoka juu ya lori la pamba, amekaa kwenye magunia, mkono wake ameuficha ndani ya kitenge kama mtu aliyeiba. Hakulia. Mimi nililia, halafu nikaacha, na kile kilichokuja mahali pa machozi ndicho kilichonishika mwaka ule wote. Nilitaka Madamu aumie. Sikutaka apewe onyo, wala aombe msamaha. Nilitaka aumie, mbele ya watu, na ajue kwa nini.

Sikujua pa kumpiga mpaka aliponiita nyumbani kwake kumshonea mapazia. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mshonaji bora, na nilimkubalia kila kitu, ndiyo Madamu, asante Madamu, hata wenzangu wakaanza kuninunia. Nilikaa siku nyingi kwenye sebule ile iliyonukia kahawa na sigara za mume wake, nimezungukwa na kitambaa, na hakuna aliyenijali zaidi ya kiti. Wageni walikuja. Nikagundua jambo ambalo hatukulijua darasani: kwamba wazungu wale walikuwa makabila mawili, na hayakupendana. Mke wa Administrateri, mkuu wa serikali pale mjini, alikuwa wa upande wa Kifaransa. Madamu alipomwambia jambo kwa Kifaransa, yule mama alilirudia polepole, akilisahihisha, huku akimtazama mumewe na kutabasamu. "Mpenzi wangu, kwenu shambani ndivyo mnavyosema?" akamwuliza siku moja. Madamu akawa mwekundu mpaka shingoni. Aliwamiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Nikauma uzi kwa meno, nikainamisha uso nisionekane. Kumbe palikuwa na watu ambao kicheko chao kilimuua.

Siku hizohizo nilijua pia maana ya ezeli. Madamu alikuwa na mtoto wa kike, mdogo, wa nywele nyeupe kama pamba, aliyekuwa akicheza miguuni pangu. Noeli ilikuwa inakaribia, na walikuwa wametoa kwenye kasha vinyago vya zizi la Bethlehemu. Mtoto alikuwa akinionyesha kimoja kimoja na kutaja jina, akingoja nirudie. Kondoo. Ng'ombe. Kisha akaniwekea kiganjani mnyama wa masikio marefu, wa kijivu, mwenye mzigo mgongoni. "Ezel," akasema. Nikakitazama kile kinyago. Mtoto akanivuta mkono, "Ezel! Ezel!" mpaka nikarudia.

Jioni nilimwambia Bibi Zaina. Yeye alikuwa akichagua mawe katika mchele, akasimama.

"Punda?" akasema. "Ule mwanamuke anatukana watu na punda? Babu yangu alifika hapa Kasongo nyuma ya punda mweupe wa Maskati. Mutu mukubwa ndiye alimupanda, wadogo walitembea na miguu. Hajue hata kutukana!"

"Bibi, yeye hajui mambo ya Maskati," nikamwambia. "Yeye anajua punda anabeba, anapigwa, hasemi."

Bibi Zaina akarudi kwenye mchele wake. Akatupa jiwe moja uani, akasema, kwa sauti ya chini, "Basi na yeye abebe."

Hapa lazima niseme jambo lililonipata miaka mingi baadaye, ng'ambo ya ziwa, Kigoma, nilikokwenda kujifunza ualimu upya kwa wamisheni Waingereza. Siku ya kwanza mwalimu wetu, Mwingereza mmoja mpole, alisema tumletee "easel", na mimi nilisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Alikuwa anaonyesha kigoda cha tablo. Cha miguu mitatu, kilekile. Nilimwuliza neno hilo limetoka wapi, naye alifurahi kuulizwa. Akaniambia Waingereza walilichukua kwa wachoraji wa Uholanzi, watu wa lugha moja na Waflama, zamani sana, pamoja na picha zao. Kwao ni jina la punda, na kigoda wakakiita punda kwa sababu kinabeba picha mgongoni bila kulalamika. Waingereza wakachukua jina, punda wakamsahau. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nilijiuliza: je, Madamu alipokuwa akinyoosha kidole asubuhi alikuwa anataja kigoda tu, kama mtu yeyote wa kwao, na sisi ndio tuliosikia tusi? Huenda. Neno hilo lilikuwa limezaliwa kabla yake na litaendelea baada yake. Lakini kigoda cha mti hakina mishipa. Yeye alikuwa na neno moja kwa vitu viwili, na alikuwa na macho ya kuona tofauti. Nilimsikiliza Mwingereza yule, nikamshukuru, na hasira yangu nikaikuta palepale nilipoiacha.

Sasa narudi Kasongo. Kabla ya Noeli shule ilifanya maonyesho ya kazi zetu, na wazungu wote wa mji walialikwa, pamoja na waume wa wanafunzi walioolewa. Madamu alitaka kitu kikubwa cha kufunuliwa mwisho: pazia la ukutani lenye zizi la Bethlehemu, limeshonwa kwa vipande vya vitambaa. Kazi hiyo akanipa mimi. Niliishona mbele yake, mchana, akaikagua kila wiki na kunigusa bega. Na alasiri, Bibi Zaina alipokuwa amelala, nilishona nyingine. Nilitumia mabaki ya gauni lake la madoadoa, aliyonitupia niyafanye vitambaa vya vumbi. Bibi Zaina alinipa kaniki nyeusi ya sandukuni mwake. "Sitaki kujua unashona nini," akasema, na siku iliyofuata akasimama nyuma yangu, akatazama kwa muda. "Lakini kwato za punda si vile. Chonga zaidi."

Nilijua gharama yake. Cheti changu kilikuwa kimebaki kutiwa sahihi tu, na kwetu Kabambare palikuwa na nafasi inayoningoja. Ningeweza kunyamaza mpaka nikipate, kisha nikamchukia Madamu kwa raha maisha yangu yote, mbali. Niliwaza hivyo. Halafu nilimwona Madamu akimfundisha msichana mpya kushona pindo, akimwambia, "Kama Albertina, unakumbuka Albertina? Vizuri kama vile," kama anataja mtu aliyehama tu. Siku ile nilimaliza masikio.

Ezeli ilikuwa imeshatengenezwa kwa ajili ya wageni, imepakwa mafuta. Nilitundika pazia juu yake, nikabandika langu juu ya lile la Bethlehemu kwa pini, nikafunika yote kwa shuka nyeupe. Ukumbi ulijaa. Wazungu walikaa mbele kwenye viti, Administrateri na mkewe katikati. Waume wa wanafunzi na ndugu walisimama nyuma. Madamu alitoa hotuba ya Kifaransa, polepole, akichunga kila neno, na nikaona mke wa Administrateri akitabasamu pale aliposita. Kisha Madamu akashika pembe ya shuka na kuivuta yeye mwenyewe.

Alikuwa punda, amesimama kwa miguu miwili, mwenye gauni la madoadoa na miwani kwenye mnyororo. Mgongoni amebeba tablo nyeusi, amepinda, ulimi nje. Nilikuwa nimemshona vizuri. Sijashona kitu kizuri kama kile tena.

Mtoto wa nywele nyeupe akasimama juu ya kiti, akapiga makofi. "Mama!" akapiga kelele kwa furaha. "Mama! Ezel!"

Mke wa Administrateri ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana. Kisha daktari, kisha Mgiriki wa duka, kisha Administrateri mwenyewe, anajipiga paja, anafuta machozi. Wale wa nyuma walishika vinywa vyao, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama. Nilitaka kuona kila kitu, na niliona: jinsi alivyogeuka kutafuta mtu mmoja asiyecheka, akamtazama mumewe, na mumewe akatazama viatu vyake. Akafungua kinywa, Kifaransa kikamkimbia. Akakaa chini, sakafuni, na gauni lake, akalia kwa sauti ya mtoto. Nikamkaribia. "Madamu," nikamwambia, "Albertina wa Wamaza anakusalimia." Aliniangalia, na nikajua ameelewa. Alilivuta pazia langu, akalitupa. Nikaliokota, nikalikunja, nikatoka nalo katikati ya watu, na hakuna aliyenishika.

Kesho yake vicheko viliisha. Mtu mweusi hakuruhusiwa kumfanyia mzungu vile, hata mzungu waliyemdharau. Polisi alikuja kwa Bibi Zaina: nitoke Kasongo siku hiyohiyo, cheti hakipo, na shule yoyote ya eneo lile isiniajiri. Bibi Zaina alimpa polisi chai, akanifungia mikate ya mchele ya kutosha safari ya mbali, na mlangoni akanishika uso kwa mikono yake miwili, akacheka mpaka meno aliyobaki nayo yakaonekana yote.

Nilishuka kwenye lori Wamaza. Albertina alikuwa uani kwao, anamenya muhogo kwa mkono wa kushoto, ameukandamiza kwa ule mwingine. Nilikaa mbele yake nikamhadithia tangu mwanzo, nimejaa, nangoja afurahi. Hakuacha kumenya.

"Alilia?" akauliza.

"Alilia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wote. Alikaa chini."

"Rudia pale alikaa chini."

Nikarudia. Kisha nikamkunjulia pazia juu ya magoti yake. Alilitazama sana, akapitisha kidole juu ya masikio, juu ya madoadoa, juu ya kaniki nyeusi ya tablo. Nikaona uso wake unabadilika, lakini si kwa furaha.

"Na mimi niko wapi?" akasema.

Sikuelewa.

"Hapa. Yeye iko, tablo iko. Mimi niko wapi? Deni hili lilikuwa langu, Mauwa. Ulienda kulidai peke yako, hata hukuniita."

Nilisema, nadhani, kwamba nilifanya kwa ajili yake. Akasema, "Najua," akaweka kisu chini, akaniomba sindano. Nilitaka kumtungia uzi, akanipiga mkono. Alichomeka sindano wima ndani ya muhogo aliokuwa ameshaumenya, tundu juu, akaulowesha uzi mdomoni na kuanza kuutunga kwa mkono wa kushoto. Ulikosa. Ukakosa tena. Kuku walikuja kula maganda miguuni pake na hakuwafukuza. Uzi ulipoingia, hakuniangalia kuona kama nimeona.

Lori la Kabambare lilipita bila mimi. Albertina alishona mchana wote, na mchana uliofuata pia, pazia amelikandamiza chini ya kiwiko cha mkono mbovu, jasho likimtoka kana kwamba analima. Nyuzi zilipinda, nyingine zilivuta kitambaa. Madamu angeamuru zifumuliwe zote. Lakini polepole akatokea, mgongoni mwa punda, juu ya tablo, mwanamke mdogo wa kitambaa chekundu, amekaa miguu huku na huku, kichwa juu. Alipomaliza mguu wa pili alikata uzi kwa meno, akalinyoosha pazia kwenye jua, akalitazama kwa mbali.

"Bado fimbo," akasema. "Nitamupa kesho."